Kioo Kikifunga Ukungu: Hotuba kwa Madereva na Mafundi wa Magari, Kabale

Wazee wetu, mabibi na mabwana madereva, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao bado mnajifunza kazi hii mikononi mwetu: nawasalimu, na nawashukuru kwa kuacha magari yenu na kuja kunisikiliza asubuhi hii. Niliombwa nizungumze Kiswahili, nami nilikubali kwa furaha, kwa kuwa katika njia hii iendayo Katuna, mpakani na Rwanda, ndicho tunachokutania, yule aliyetoka Mombasa na lori lake, yule wa Kigali, yule wa Goma, na sisi tuliozaliwa katika milima hii.

Nitazungumzia difrosta, yaani ule mpangilio wa gari unaoondoa ukungu kwenye vioo, na namna ya kutafuta ugonjwa wake unapoacha kufanya kazi. Jina lenyewe limetoka katika nchi za theluji, ambako kazi yake ya kwanza ni kuyeyusha sakitu iliyoganda kwenye kioo usiku kucha. Kwetu barafu ya kudumu iko kileleni mwa Rwenzori, ambako gari halifiki, na ndiyo maana watu wengi, wakiwemo mafundi hodari, wamejiaminisha kwamba kile kitufe ni urembo tu uliokuja na gari kutoka Japani.

Lakini Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja alfajiri, ukungu hujaa mabondeni hadi huoni migomba iliyo kando ya barabara. Chukua takisi yenye abiria 14, nusu yao wamenyeshewa wakisubiri stejini, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, na kila mmoja anapumua. Ule unyevu hauna pa kwenda isipokuwa kwenye kioo baridi. Kabla hamjamaliza mteremko wa kwanza, dereva ameshika kitambaa kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, anafuta kitundu cha ukubwa wa sahani na kuinama ili achungulie humo. Mimi nimekaa katika kiti cha mbele cha takisi ya namna hiyo, na nimeliona lori likitokea katika kile kitundu likiwa tayari limetukaribia mno. Tangu siku hiyo sijaihesabu difrosta kuwa kitu cha starehe. Nimeiweka pamoja na breki na taa.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita dereva mmoja aliniletea gari lake akisema kwamba kioo cha mbele hakisafiki hata akifungua feni hadi mwisho. Niliisikiliza feni, nikaona kama inapuliza kwa unyonge, nikamwuzia mota nyingine na kumtoza pesa ya kazi. Baada ya siku tatu alirudi. Hakunigombeza. Alisema tu, “Fundi, sasa upepo ni mkali, lakini bado sioni.” Hapo ndipo nilipofungua boneti na kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaishika kwa mkono ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita. Injini ilikuwa imewaka kwa zaidi ya nusu saa, na mipira yote miwili ilikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kuogea mtoto. Nilipofungua nyumba ya thamostati, ule mlango unaoyazuia maji ya injini hadi yapate joto, niliikuta tupu. Fundi wa gereji fulani ya njiani alikuwa ameitoa na kumwambia mwenye gari kwamba Uganda ni nchi ya joto. Nilimrudishia dereva yule pesa ya mota, nikamwekea thamostati, na kioo chake kikasafika.

Tangu wakati huo nimefungua magari mengi, na maneno yangu ya leo yametokana na hayo: difrosta nyingi za mbele ninazoletewa hazikufa kwa uzee. Tumeziua wenyewe katika gereji zetu, kwa kutoa hiki na kuziba kile, tukiwa tunatibu ugonjwa mwingine.

Ili mnielewe, ni lazima tujue kwanza difrosta ya mbele inavyofanya kazi. Haina mtambo wake peke yake. Inaazima viungo vya hita na vya AC. Feni huvuta hewa, hewa hiyo hupita kwanza kwenye mabomba baridi ya AC ambako unyevu wake hugeuka kuwa matone na kudondoka chini ya gari, kisha hupita kwenye rejeta ndogo ya hita, ambamo maji moto ya injini yanazunguka, ndipo milango midogo iliyo ndani ya dashibodi huielekeza kwenye kioo. Mama akifua nguo huikamua kwanza, kisha huianika juani. AC ndiyo inayokamua hewa, hita ndiyo jua. Kwa hiyo dereva anayeniuliza, “Baridi yote hii, fundi, bado niwashe AC?” namjibu kwamba ndiyo, awashe AC na joto kwa pamoja, maana hewa yenye joto na iliyokauka ndiyo inayoweza kunywa maji yaliyo kwenye kioo. Katika magari mengi ukibonyeza kitufe cha difrosta ya mbele, kompresa ya AC hujiwasha yenyewe, kwa sababu hiyo hiyo. Kitufe hicho kina alama ya kioo kilichopinda na mishale mitatu ya mawimbi inayopanda juu. Kile chenye alama ya mstatili ni cha kioo cha nyuma, ambacho nitakifikia baadaye.

Sasa, mteja anapokuja na kusema difrosta imekufa, msikimbilie bisibisi. Muulizeni maswali. Je, upepo unatoka? Je, unatoka kwenye kioo au miguuni? Je, una joto? Na je, ukungu wenyewe uko ndani ya kioo au nje? Hili la mwisho wengi hulisahau. Ikiwa waipa zinaufuta, basi ukungu uko nje, na sababu yake ni kioo kilichopozwa mno na AC wakati hewa ya nje ni ya joto na unyevunyevu, kama inavyotokea Kampala jioni baada ya mvua. Gari la namna hiyo halina ubovu wowote. Ongeza joto kidogo, uelekeze upepo mbali na kioo, basi.

Kama upepo hautoki kabisa, tazameni fyuzi na rilei ya feni, yaani swichi yake ya umeme, kabla ya kugusa mota. Nawasihi kwa moyo wote, msifunge waya mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi imekufa ili gari lisiungue, na atakayelipa ujanja huo ni abiria. Kama upepo unatoka tu feni ikiwa kwenye namba ya mwisho na namba za chini zimekufa, basi rezista ya feni, ile inayopunguza umeme kwenye namba za chini, imeungua, na mara nyingi utakuta pleki yake imeyeyuka pia. Ukibadilisha rezista na ikaungua tena baada ya mwezi, chunguza mota, kwa sababu mota iliyokauka beringi huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Magari yenye AC ya kujiendesha hayatumii rezista ya aina hii, bali kifaa cha elektroniki kinachopunguza umeme wa feni, na hapo anayekisia hupoteza pesa za mwenzake.

Upepo ukiwa dhaifu, fungueni kisanduku cha dashibodi upande wa abiria na kuchomoa chujio la hewa, ambalo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma yake. Kwa magari yanayopita barabara za maramu, nimetoa machujio ambayo yalikuwa mazito kwa vumbi jekundu hadi mwanga haupiti. Na kama upepo ni mkali lakini unatoka miguuni tu hata ukichagua kioo, basi mlango mdogo wa ndani haugeuki. Katika magari ya zamani ni kebo iliyochomoka, na katika mapya ni mota ndogo yenye meno ya plastiki, ambayo meno yake yakikatika utaisikia ikigonga tak-tak-tak ndani ya dashibodi.

Lakini, ndugu zangu, ugonjwa tunaokutana nao zaidi hapa mlimani ni ule wa upepo usio na joto, na juu ya huo naomba mnivumilie nikae kidogo.

Thamostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita peke yake, na hivyo injini hupata joto upesi. Maji yakifika nyuzi joto 82 hivi, au 88 katika injini nyingine, mlango huanza kufunguka na maji huenda kupozwa kwenye rejeta kubwa. Fundi anayeutoa mlango huu huacha maji yaende kwenye rejeta wakati wote. Asubuhi ya Kabale, gari likishuka mteremko, injini ya namna hiyo haipati joto la kutosha kamwe. Mshale wa joto hubaki chini, mafuta hulika zaidi, injini huchakaa kabla ya wakati wake, na hita haina cha kumpa dereva. Wale wanaosema kwamba bila thamostati injini haitachemsha, wanisikilize vizuri: katika injini nyingi za Kijapani, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato, ile ambayo maji hurudia injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na kwenye mlima mrefu sehemu ya maji moto hurudi injini bila kupozwa. Kwa hiyo gari lile lile linaweza kuwa baridi mteremkoni na kuchemsha mlimani. Kama injini ilikuwa ikichemsha, kulikuwa na sababu: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, feni ya rejeta isiyowaka, au gasketi ya silinda hedi. Kutoa thamostati hakujatibu hata moja kati ya hizo.

Kuipima ni kazi ya sufuria na jiko. Ining'inize kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, kisha chemsha. Hapa kwetu maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 93 hivi, kwa sababu tuko juu, lakini hizo zinatosha kabisa. Thamostati nzima utaiona ikifunguka kabla maji hayajaanza kuchemka sawasawa, na ukiitoa ikapoa itajifunga tena. Vijana, fanyeni hivyo hata kwa thamostati mpya mliyoinunua Kisekka, kule kwenye vipuri Kampala, au mahali pengine, kabla hamjaifunga kwenye gari la mtu.

Baada ya hapo ndipo tunairudia ile mipira miwili inayopenya ukuta kati ya injini na dashibodi. Injini ikiwa imepata joto na hita imewekwa kwenye moto, mipira yote miwili inapaswa kuwa ya moto. Ikiwa yote ni baridi wakati mshale wa joto uko katikati, huenda maji yamepungua, au kuna hewa iliyonaswa, au kuna fundi aliyeiunganisha mipira hiyo mmoja kwa mwingine ili kuikwepa rejeta ndogo iliyokuwa ikivuja. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni baridi, maji hayapiti, ama kwa sababu vali ya hita imefungwa, ama kwa sababu rejeta ndogo imeziba. Na inaziba kwa nini? Kwa sababu tunajaza maji ya bomba, ya kisima na ya mtaro mwaka hadi mwaka, badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na kutu ya injini huenda kukaa katika vile vimirija vyembamba. Nimeosha rejeta ndogo iliyotoa uji wa rangi ya udongo kwa robo saa nzima. Osheni kwa maji ya shinikizo dogo, kinyume na mwelekeo wa kawaida, na msitumie kompresa ya upepo kwa nguvu zote, kwa sababu maungio yake ni membamba na yatapasuka. Mkijaza upya, egesheni gari pua ikitazama mlimani, hita iwe kwenye moto, ili hewa itoke. Wala mtu asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Nina alama ya hilo kwenye mkono huu wa kushoto.

Ikiwa rejeta ndogo yenyewe ndiyo inayovuja, gari litawaambia: kuna harufu tamutamu ndani, zulia la upande wa abiria limelowa, na kioo kinapata utando wa mafuta ambao ukifuta unarudi. Gari la namna hiyo linajitengenezea ukungu lenyewe. Zulia linaweza pia kulowa kwa maji safi yasiyo na harufu, na hapo ni bomba la kutolea maji ya AC lililoziba kwa majani na vumbi. Waya laini na dakika tano zinatosha.

Kuna jambo la swichi ambalo si ubovu wala si gharama, nalo ni kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Dereva hukibonyeza akiwa nyuma ya lori kwenye vumbi, na anafanya vyema, lakini hukisahau. Saa mbili baadaye mvua inanyesha, na pumzi za watu 14 zinazungushwa humo humo. Kabla ya kumtoza mtu hata shilingi moja, kitazameni kile kitufe.

Sasa nije kwenye kioo cha nyuma, ambacho ni umeme mtupu. Ile mistari myembamba ya kahawia ni rangi yenye madini ya fedha iliyochomwa juu ya kioo kiwandani. Umeme huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na mistari yote hupasha kioo joto. Kazi hii hula umeme mwingi, kati ya ampia 10 na 20 katika magari mengi madogo. Ampia 15 kwa volti 12 ni wati 180, wakati taa mbili za mbele za halojeni, zenye wati 55 kila moja, hula wati 110 tu. Kwa sababu hiyo magari mengi huizima yenyewe baada ya dakika 10 hadi 15, na wateja wengine huja wakidhani imekufa, kumbe imemaliza zamu yake.

Njia ya kwanza ya kuipima haina gharama. Puliza pumzi kwenye kioo hadi kifunge, washa, kisha subiri. Mstari mzima utafungua njia yake ndani ya ukungu, na mstari uliokatika utabaki umefunikwa. Kama mistari yote imebaki, tafuteni fyuzi, rilei, swichi, na vile vishikizo viwili vya pembeni ambavyo nyaya huchomekwa. Kwa magari yenye mlango wa nyuma unaonyanyuka, fungueni ule mpira mweusi ulio karibu na bawaba. Nyaya zilizomo hupindwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani wakati ngozi ya nje bado inaonekana nzima.

Kama ni mstari mmoja au miwili tu, chukueni mita ya volti. Ncha moja iwe kwenye bodi ya gari, na ile nyingine izungushieni karatasi nyembamba ya alumini ili isiukwaruze mstari. Injini ikiwa inawaka na difrosta imewashwa, upande wa umeme utasoma volti 12 au zaidi kidogo, upande wa pili utasoma karibu na sifuri, na katikati ya mstari mzima utasoma kama volti 6. Mstari uliokatika hausomi 6 hapo katikati. Ukiona 12, mkato uko kati ya hapo na upande wa bodi. Ukiona sifuri, mkato uko upande unakotoka umeme. Sogeza ncha polepole kuelekea huko, na mahali ambapo namba inaruka ghafla, hapo ndipo penye jeraha, ambalo mara nyingi halionekani kwa macho.

Jeraha hilo hutibiwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme. Safisheni kwa spiriti, bandikeni tepu juu na chini ya mstari ili rangi isitawanyike, pakeni, na mwache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa nyingi ni saa 24. Kishikizo kilichobanduka kinahitaji gundi inayopitisha umeme. Gundi ya kawaida itakishika, lakini umeme hautapita. Kuchomelea kwa risasi kunawezekana kwa mkono mwepesi, ila moto ukizidi kioo hupasuka, na hapo umemnunulia mteja kioo.

Nani anayeikata mistari hii? Ni sisi tena. Tunapakia mikungu ya matoke na magunia ya makaa hadi yagusane na kioo, na kila shimo la barabarani linasugua. Tunabandika tinti na baadaye tunaikwangua kwa wembe. Tinti hutolewa kwa mvuke na maji ya sabuni, ikivutwa polepole kufuata mistari, wala wembe haupaswi kukaribia hapo.

Nimesema maneno ya kutosha. Nje kuna magari mawili niliyoyaacha yakiunguruma tangu nilipoanza, moja lina thamostati yake na jingine halina, na sitawaambia ni lipi. Vueni pete na saa, jihadharini na feni na mikanda, kisha kila mmoja aguse ile mipira miwili katika magari yote mawili na kuniambia alichosikia mkononi. Madereva watangulie, mafundi mfuate.